Sura ya Saba: Nafuu ya Mtoto wa Tatu

Siti alikuwa ameketi sakafuni mwa seli, miguu ameikunja ndani ya khanga, pale pale Sajini Ayubu alipomwacha Jumamosi. Uji wa asubuhi ulikuwa umeshika utando juu. Hakuugusa.

"Nataka uniambie tena habari za Jumatatu ile," Ayubu alisema, akafungua daftari lake.

"Nimezisema mara sita, Bwana Sajini. Hata ukinichemsha nitatoa maneno yale yale."

"Yatoe mara ya saba."

Msichana alivuta pumzi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa siku hamsini na moja alikuwa mahabusu wa polisi wa Bukoba kwa shtaka la kumuua mtoto mchanga aliyeajiriwa kumlea.

"Nilimlaza Chandrika kwenye kikapu. Tukashuka ziwani, kwenye yale mawe ya kufulia. Alikuwa amelala. Niliinama nikafua. Nilipogeuka kikapu kilikuwa kitupu, na shali yake inaelea majini."

"Uliinama muda gani?"

"Nepi nne. Ya tano nilikuwa nayo mkononi."

"Na hukusikia kilio."

"Hakulia. Yule mtoto akishikwa na mgeni hulia mpaka mtaa wa pili wakafunga madirisha. Siku ile hakulia. Nilimwambia Bwana Mkaguzi, hakuandika."

Ayubu aliandika: *Hakulia.* Akapiga mstari chini yake.

"Na jirani anayesema ulitishia kumtosa ziwani?"

"Nilisema, sikatai. 'Nitakutosa ziwani mimi nilale.' Nilikuwa sijafumba macho siku tatu." Siti aliinua uso. "Nani aliyelea kichanga asiyesema hivyo? Mkeo hasemi?"

Ayubu alikuwa na watoto wanne nyumbani. Alifunga daftari.

"Alhamisi saa tatu unapelekwa kwa Hakimu," alisema.

"Na nikitoka kwa Hakimu?"

"Asiporidhika kwamba kuna shaka, utapelekwa Mahakama Kuu."

"Na huko wananyonga."

Leo ilikuwa Jumanne, tarehe nane Februari, mwaka wa hamsini na tano. Zilibaki siku mbili, na kesi ilikuwa imesimama juu ya shali moja na maneno ya yaya aliyekosa usingizi. Maiti haikuwapo. Polisi walikokota nyavu ufukweni wiki nzima, wakavuka kwa mashua mpaka kambi za wavuvi za kisiwa cha Goziba kuuliza, wakarudi mikono mitupu. Mkaguzi, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa Ayubu, alisema ziwa ni kubwa na mtoto ni mdogo. Ayubu aliyezaliwa kando ya ziwa hilo alijua kuwa halina tabia ya kukaa na maiti. Siku ya nne, ya tano, huitema.

Ofisini alisoma tena ushahidi wa baba wa mtoto. Dhirubhai alikuwa na duka la nguo mjini, na msimu wa kahawa ukifika alizunguka vijijini kununua. Mkewe, Jashoda, alifariki siku ile ile aliyomzaa Chandrika, mwishoni mwa Oktoba. Ushahidi wake ulikuwa mistari mitano, umetiwa sahihi. Wa mwisho ulisema: *Tangu siku hiyo nyumba yangu haina mtoto huyo.*

Ayubu aliusoma mara mbili. Hakuna mahali Dhirubhai aliposema kwamba mtoto amekufa.

Basi baba naye alikuwa na la kuficha. Baba anayetaka mtoto afe huwa na sababu, na sababu anayoijua kila polisi ni bima. Ayubu alimwendea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaomba hati ya upekuzi, na saa nane mchana alikuwa anabisha kwa Mzee Rajnikant.

* * *

Rajnikant hakuwa na duka. Alikuwa na taipureta, meza yenye mguu uliofungwa waya, na mabati ya biskuti yaliyopangwa hadi dari. Wenye maduka wote wa Bukoba walimletea fomu zao za kodi ya mapato kila mwanzo wa mwaka. Alizijaza, wakatia sahihi, naye akabaki na nakala za kaboni.

Aliisoma hati ya upekuzi akiwa ameisogeza puani.

"Maofisa wa kodi wana kiapo cha siri, Sajini. Fomu ikishafika kwao, hata Gavana haoni."

"Ndiyo maana sikwenda kwao. Wewe una kiapo?"

"Mimi nina njaa tu." Mzee alisimama, akashusha bati lenye picha ya farasi. "Unatafuta nini kwa Dhirubhai?"

"Bima ya maisha ya mtoto. Nasikia mtu akilipia bima, serikali humpunguzia kodi. Kama alimkatia mtoto bima, atakuwa ameidai humu."

"Ataidai," alisema Rajnikant. "Dhirubhai hudai kila kitu kilicho haki yake. Lakini kisicho haki yake hagusi. Ni mtu wa ajabu hivyo." Alichambua karatasi kwa kidole kilicholowa mate. "Hii hapa. Mwaka wa hamsini na nne. Aliitia sahihi tarehe ishirini na tisa Januari, kwenye kiti hicho ulichokalia."

Ayubu alisoma Kiingereza polepole, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Kwenye mstari wa bima palikuwa na bima moja, ya Dhirubhai mwenyewe, ya tangu mwaka wa arobaini na nane.

"Ya mtoto hakuna," alisema Rajnikant. "Pole."

Basi ile njia ilikuwa imefungwa. Ayubu alitaka kurudisha karatasi, jicho likanasa chini zaidi, kwenye mistari mitatu ya majina. Nalini. Harish. Chandrika.

"Mzee, huyu ameandikwaje? Fomu ilitiwa sahihi baada ya Desemba."

"Ni halali kabisa!" Rajnikant alichangamka kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Kaa, nikufundishe. Mtu akipata mapato, serikali haiyatozi yote. Kwanza inamwachia fungu lake mwenyewe, halitozwi. Ana mke? Inamwachia fungu jingine. Watoto? Kila mtoto na fungu lake, hadi idadi fulani. Anamlisha mama yake mzee? Vile vile. Hayo ndiyo tunaita nafuu. Kinachobaki ndicho kinachotozwa."

"Na mtoto akifa?"

"Akiwa hai hata siku moja ndani ya mwaka huo, nafuu ya mwaka mzima ni yako. Sheria haihesabu miezi. Chandrika alizaliwa Oktoba. Imetosha." Akamtazama Ayubu juu ya miwani. "Kwenu hakuna hivi?"

"Kwetu kuna kodi ya kichwa. Kichwa ni kimoja, kodi ni moja. Ukiwa kilema, au mzee usiyejiweza, utasimama mbele ya Bwana Shauri akukague kama ng'ombe, pengine atakusamehe. Watoto ni juu yako."

"Hm," alisema Rajnikant.

Ayubu alirudi kwenye fomu. Mbele ya kila jina palikuwa na visanduku. Alivifuata kwa ncha ya penseli.

"Hiki?"

"Tarehe ya kifo, kama mtu amefariki ndani ya mwaka. Hicho humwachia mwenye fomu aandike kwa mkono wake. Mama yake Dhirubhai alifariki Porbandar, kwao India, mwezi wa Agosti. Unaona? Ameandika. Jashoda, tarehe thelathini Oktoba. Ameandika."

"Kwa Chandrika ni tupu."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Nilimwambia, bhai, ndugu yangu, na hiki pia. Akasema, hicho kiache. Sikumsumbua. Nilisema ni huzuni."

"Angeandika tarehe ishirini Desemba, angepoteza nini?"

"Nimekwisha kukwambia. Hata senti."

"Na kwa kuacha tupu amepata nini?"

"Hata senti."

"Kwa hiyo si tamaa."

"Dhirubhai? Tamaa ya nini? Ni huzuni, Sajini. Mtu aliyefiwa mkono wake mzito."

"Kwa mkewe haukuwa mzito." Penseli ilisogea kisanduku kimoja. "Hapa panauliza nini?"

Rajnikant alirudisha miwani. Akasoma, akasoma tena.

"Panauliza, mtoto anaishi na mdai, yaani mwenye fomu?"

"Ameandika nini?"

"Nalini, ndiyo. Harish, ndiyo. Chandrika, hapana."

"Na pembeni yake?"

"Panauliza..." Sauti ya mzee ilishuka. "Kama haishi naye, je, anatunzwa kwa fedha za mdai?"

"Soma jibu, Mzee."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa mikungu ya ndizi, gurudumu likilia.

"Hayo niliandika mwenyewe kwa mkono wangu," alisema Rajnikant. "Alitaja, nikaandika. Siku hiyo nilikuwa na fomu kumi na moja. Hee Ram. Niliandika na sikusoma."

"Mtoto aliyezama hatunzwi," Ayubu alisema, akaikunja ile nakala na kuitia mfukoni.

* * *

Jumatano asubuhi duka la Dhirubhai lilikuwa na wateja wawili, wanawake walioshika kitambaa kimoja wakibishania rangi yake. Ayubu alisubiri mpaka waondoke. Kisha alifunga komeo la mlango mwenyewe.

"Sajini, hiyo ni biashara yangu unaifunga," alisema Dhirubhai. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini, kola safi, macho mekundu.

"Kuna dosari kwenye fomu yako ya kodi."

"Ya kodi? Haiwezekani. Miaka kumi na tano nalipa, sijapata barua hata moja ya onyo. Uliza popote."

"Nimeuliza." Ayubu alitandaza nakala juu ya meza ya kupimia nguo, akaweka kalamu na chupa ya wino pembeni. "Kisanduku hiki umekiacha. Andika tarehe ya kifo cha Chandrika, nami nitafungua mlango niende zangu. Hupotezi kitu. Mzee Rajnikant amenieleza, nafuu yako iko pale pale."

Dhirubhai alitazama karatasi. Hakuuliza imefikaje pale.

"Nani amekupa ruhusa..."

"Bwana Shauri. Andika."

Alichukua kalamu. Akachovya. Aliinamia karatasi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akaandika tarakimu mbili, akasimama. Tone la wino lilidondoka pembeni likatanda.

"Mbona humalizi? Zimebaki tarakimu sita tu."

"Mkono..."

"Tarehe ya mama yako uliiandika. Ya mkeo uliiandika."

"Ndiyo maana!" Kalamu ilimponyoka ikabingirika hadi chini. "Nimeandika wafu wawili mwaka mmoja. Wote kwa mkono huu. Mdomo ni upepo, Sajini, mtu hujisemea. Lakini ukimwandika aliye hai kuwa maiti, umemwitia kifo. Sikuweza. Wala kwako sikuweza, tazama ushahidi wangu."

"Nimeutazama. Haina mtoto nyumba yako. Yuko wapi?"

Dhirubhai alikaa juu ya jora la marikani.

"Muleba. Kijiji cha Ijumbi, kwa mwanamke anaitwa Jovita. Nilikwenda kununua kahawa, nikakuta msiba, mtoto wake amekufa na maziwa anayo. Nikampelekea Chandrika, nikamwambia huyu hana mama. Napeleka sukari, sabuni, kila Jumanne."

"Kikapuni alichukuliwa na nani?"

"Mimi. Siti alikuwa ameinama. Mtoto ananijua, hakulia."

"Kwa sababu gani?"

"Jayant." Alilitaja jina la shemeji yake kama mtu atemaye kokwa. "Kaka yake Jashoda, wa Kampala. Aliandika anakuja kumchukua Chandrika akalelewe na mama zake wadogo. Mtoto wa kike huondoka na vito vya mama yake, ndiyo desturi. Bangili, mkufu, vyote. Na mimi nilikwisha viuza Jashoda akiwa mgonjwa, kwa ajili ya duka. Mtoto akipotea ziwani, Jayant haji. Ndivyo nilivyofikiri. Watasema ni bahati mbaya, watalia, itakwisha."

"Haikwisha. Walimkamata Siti."

"Nilidhani watamwachia."

"Siku hamsini na mbili, bwana! Unapita mbele ya kituo kila asubuhi kwenda posta."

"Nilidhani watamwachia," alirudia Dhirubhai.

Ayubu aliokota kalamu, akaifuta, akairudisha mfukoni. Aliita askari wawili waliokuwa wakisubiri uani. Kabla hawajamtoa, Dhirubhai aligeuka.

"Chandrika hapendi kulazwa chali. Mwambieni atakayemlea."

* * *

Barabara ya Muleba ilikuwa tope la mvua za wiki nzima, na Landrova ya polisi ilikwama mara mbili. Saa nane mchana ndipo Ayubu na dereva wake, Damian, walipofika Ijumbi. Waliacha gari njiani, wakafuata kijia kilichoingia katikati ya migomba hadi kwenye nyumba ya nyasi yenye uwanja uliofagiwa.

Mwanamke wa miaka ishirini na kitu alikuwa ameketi mlangoni. Mapajani mwake mtoto mchanga amelala kifudifudi, shavu limebinuka, kiganja kimefumbata ukingo wa kitenge.

"Nyinyi watu wa mjini hamjui kubisha hodi?" alisema, bila kupaza sauti. "Mtaniamshia mtoto."

"Hodi, mama. Wewe ni Jovita?"

"Ndimi. Na hizo kofia zenu ni za polisi. Mume wangu kodi amelipa, stakabadhi imo kwenye mkebe."

"Hatukuja kwa kodi yake." Ayubu alichuchumaa ili wawe sawa kwa sawa. Mtoto alikuwa na nywele nyingi nyeusi, na nyuma ya sikio la kushoto alama ya kuzaliwa ndogo kama punje ya ulezi, kama ilivyoandikwa kwenye faili. "Huyu anaitwa nani?"

"Kokushubira."

Damian, aliyekuwa Mhaya wa Muleba, aligeukia pembeni. Alijua jina hilo humaanisha tumaini, na hupewa mtoto anayekuja baada ya msiba.

"Mwenye duka alikwambia nini?"

"Kwamba mama yake amekufa. Ni uongo?"

"Hilo si uongo."

"Basi." Alimvuta mtoto karibu zaidi. "Wangu alikufa tarehe kumi na sita Desemba. Homa, siku mbili tu. Yuko pale." Alionyesha kwa kidevu, kwenye migomba, mahali udongo ulipoinuka kidogo na kuzungushiwa mawe. "Siku ya tano akaja Mhindi na huyu. Maziwa yalikuwa yananiuma hata kuvaa siwezi. Nilimweka tu, akashika. Sikuuliza mengi. Wewe ungeuliza?"

"Nisingeuliza," alisema Ayubu.

Akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache: kikapu, shali, Siti, Mkaguzi, Alhamisi saa tatu. Alipotaja kunyongwa Jovita aliacha kumpapasa mtoto mgongoni, kisha akaanza tena, polepole zaidi.

"Hakimu haamini karatasi peke yake," alisema Ayubu. "Lazima amwone mtoto kwa macho. Kesho asubuhi awe Bukoba."

"Na baada ya kumwona?"

"Kuna mjomba wake Kampala. Amepigiwa simu ya maandishi leo."

"Ana maziwa huyo mjomba?"

Damian alicheka, akaona amecheka peke yake.

"Mama, tumpe askari amshike," alisema Ayubu. "Wewe hukukosa kitu. Huna haja ya kuja."

"Mpe basi." Jovita aliinua mtoto, akamsogeza kwa Damian. Mtoto alifungua macho, akaiona kofia, akakunja uso wote, akalia kilio kilichotoa kuku migombani. Jovita alimrudisha begani na kilio kikakatika kama kamba. "Njia yenu ni mwendo wa saa ngapi?"

"Tatu. Kwa tope hili, nne."

"Saa nne. Mlifikiria atakula nini?"

Ayubu aliangalia daftari lililokuwa mkononi mwake. Ndani mlikuwa na kila kitu: tarehe, sahihi, visanduku, kifungu cha sheria. Hilo halikuwamo.

Jovita aliingia ndani. Walimsikia akifungua kitu cha bati, akikifunga. Alitoka na kifurushi cha nepi, mtoto amefungwa kifuani, miguu yake Jovita imeoshwa. Alipita mbele yao kwenye kijia bila kuongozwa. Kwenye udongo ule uliozungushiwa mawe hakusimama.

Ndani ya gari alikaa nyuma, akafungua gauni, mtoto akashika. Ayubu aliketi mbele, akatazama kioo cha mbele kilichotapakaa matope. Damian alishika ufunguo, hakuuzungusha.

"Huko kwa Hakimu nitasema nini?" Jovita aliuliza.

"Ulivyompata. Siku gani, na nani."

"Nikisema, wananichukulia."

"Ndiyo."

"Na nikinyamaza? Nikisema ni wangu nimemzaa, kijiji kizima wanajua nilikuwa na mimba?"

Ayubu aligeuka akamtazama. Angeweza kumtajia alama ya sikioni, na Dhirubhai aliyekwisha kukiri. Hakuvitaja.

"Siti atapelekwa Mahakama Kuu," alisema.

Mtoto alikuwa akinyonya kwa pupa, akipumua kwa pua, mkono mmoja ukitembea hewani kutafuta cha kushika. Jovita aliupa kidole chake.

"Huyo Siti," alisema mwishowe. "Mama yake yu hai?"

"Yu hai. Anakaa Kagondo."

Jovita aliinamisha kichwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Basi washa gari," alisema. "Na uendeshe taratibu, anataka kulala."